Tanki linapokoroma: hewa katika tiyo zetu za maji

Maneno ya timu ya maji mbele ya wanachama na komite za maji. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, tukipunguza tu ya kurudiarudia.



Tuliombwa kuja kusema juu ya kuosha tanki. Tutafika huko. Lakini kwanza tuseme juu ya hewa, maana hewa ndiyo ilituletea ugomvi kiangazi hiki, na ugomvi wenyewe wengi wenu mnaujua.

Kuna mama mmoja aliyekuwa analinda kituo cha robine cha chini, upande wa njia ya ziwa. Jina lake hatutalitaja, ameomba hivyo. Komite ilimtoa kazini. Sababu ilikuwa mita. Kila mwezi mita ilionyesha maji mengi kuliko pesa aliyoleta. Mwezi wa kwanza watu walinyamaza. Mwezi wa pili walianza kunong'ona. Mwezi wa tatu mtu akasimama kwenye kikao na kusema: "Mita haisemaka uongo." Mambo yakaishia hapo.

Mita ile tuliisoma sisi. Sahihi iliyo chini ya karatasi ni yetu. Tunalisema mapema kusudi mtu asifikiri tumekuja hapa kuhukumu komite.

Yule mama alikuja kwetu na daftari lake. Alikuwa ameandika kila bidoni, mstari kwa mstari, na mahali alipompa mzee fulani bure aliandika pia. Akatuambia: "Minaandikaka yote, muangalie. Lakini asubuhi ile robine inakohoa kwanza, inatema, inapiga mluzi, na mita inakimbia. Mukuje muone saa ya asubuhi, musikuje saa sita." Sisi tulikuwa tunakwenda saa sita, baada ya chai. Huo ndio ukweli.

Basi kesho yake tulikwenda saa kumi na moja alfajiri. Mmoja wetu alibaki kituoni kwa mama, wawili wakapanda mlima mpaka kwenye tanki. Kabla hatujafika tulisikia sauti. Watoto wa pale juu walishazoea, wao wanasema tanki linakoroma. Tukafungua mfuniko, tukamulika tochi. Maji yalibaki kidogo, kama shubiri moja hivi juu ya mdomo wa tiyo. Na juu ya ule mdomo maji yalikuwa yanazunguka, yanazunguka, na katikati yake kuna shimo jembamba linaloshuka kama mkia wa panya. Wavuvi wetu wanakijua, ni kizingia, kama kile kinachotokea mtoni penye mkondo mkali. Kwenye tanki ni kidogo tu, unene wa kidole. Lakini kile kidole kilikuwa bomba la hewa. Hewa iliingia pale juu, ikashuka na maji, ikafika kwenye mita ya mama. Na mita ina kigurudumu ndani. Kigurudumu hakiulizi nani anakisukuma, maji au hewa. Kinazunguka, kinahesabu.

Tulifanya jaribio ambalo kila komite inaweza kulifanya bila sisi. Bidoni ya lita 20 ikijazwa mara 50, ni meta moja ya ujazo. Basi soma mita, jaza bidoni mkihesabu kwa sauti mbele ya watu, soma tena. Mchana, tanki likiwa limejaa, mita na bidoni vilikubaliana. Alfajiri, wakati tanki linakoroma, mita ilimaliza meta yake kabla hatujafika bidoni ya 50. Bidoni zilizokosekana zilikuwa hewa. Mama wa watu alikuwa anadaiwa pesa ya hewa.

Sasa, hiyo hewa inaingiaje? Kijana wetu hapa ameshika bidoni iliyokatwa juu, na chini tumetoboa tundu la kidole gumba. Ameziba. Jaza maji. Haya, achia. Mnaona, mwanzo maji yanatoka mazito, yamenyooka, kimya. Ngoja. Ngoja kidogo. Sasa maji yamepungua, tazameni juu: yameanza kuzunguka. Shimo hilo. Na sikilizeni sauti. Maji yanayotoka chini yamekuwa ya kutapakaa, kwa sababu tundu sasa linapitisha vitu viwili.

Maji yanayokwenda kwenye tundu huwa na mzunguko kidogo tangu mwanzo, hata usipouona. Umeyamimina, umeyatikisa, yameingia kwa upande. Yanapokaribia tundu, ule mzunguko unaongeza mbio. Mfunge mtoto wa jiwe kwenye kamba, uizungushe kamba ijiviringe kwenye kijiti: kamba ikifupika jiwe linamaliza kila mzunguko upesi zaidi. Ndivyo maji. Yakikimbia sana katikati, uso wake unabonyea, na maji yakiwa machache, kule kubonyea kunafika mpaka mdomoni. Mlango wa hewa umefunguka.

Wengine wametuambia ni kwa sababu tuko karibu na Ikweta, ndiyo inayosokota maji. Kule Uganda, kwenye mstari wa Ikweta, kuna watu wanaowaonyesha wageni kwa beseni, maji yanazunguka huku upande mmoja, kule upande mwingine. Ni mchezo mzuri, lakini beseni linafuata mkono wa aliyelimimina. Nguvu ya dunia kuzunguka ipo, ila kwa chombo kidogo ni ndogo mno. Mwaka 1962 mtaalamu wa MIT kule Marekani, Ascher Shapiro, alieleza jinsi alivyoionyesha: alihitaji tanki pana la karibu meta 1.8 na kuyaacha maji yatulie siku nzima. Tanki letu halitulii hata saa moja. Na sisi tuko kama digrii 4 kusini tu. Ikweta tuiache.

Mambo mawili ndiyo yanayoamua: maji yamesimama kimo gani juu ya mdomo wa tiyo, na yanaingia mdomoni kwa mbio kiasi gani. Kimo kinazuia hewa, mbio inaivuta. Mainjinia wana hesabu yake, tumeifanya kwa tanki letu, nasi tunawapa jibu bila kuwachosha. Tiyo yetu ya kutokea ina upana wa sentimeta 5 kwa ndani. Mradi ulipojengwa zilikuwa robine 10. Zote zikifunguliwa pamoja, kila moja ikitoa lita moja kwa sekunde 5, tiyo inapitisha lita 2 kwa sekunde. Hapo maji yanatakiwa kubaki sentimeta 20 na zaidi kidogo juu ya mdomo, la sivyo kizingia kinafika. Baadaye watu wameendelea kurudi. Kutoka Kigoma kwa meli tangu 2005, halafu wengine kwa njia zao, halafu watoto wa wale wa kwanza wameoa na kujenga. Tukaongeza robine tano. Tulifurahi, tukapiga picha. Robine 15 zinavuta lita 3 kwa sekunde kwenye tiyo ileile, na kimo kinachotakiwa sasa ni karibu sentimeta 30. Hakuna aliyepanda mlima kubadilisha kitu kwenye tanki. Tiyo ya chini tuliirefusha, mdomo wa juu tukausahau.

Kiangazi chemchemi inapungua, tanki linajaa usiku kwa shida, na saa kumi na mbili asubuhi kila mtu yuko robineni na bidoni zake. Maji machache, mbio kubwa. Ongeza kwamba tiyo ya kuingizia maji inamimina ukutani kwa upande, inayazungusha yote kama mtu anayekoroga uji. Ongeza tena kwamba kichujio cha mdomoni mtu alikitoa kwa sababu kilikuwa kinaziba na majani. Alikuwa na nia njema. Lakini kichujio chenye matundu mengi kilikuwa kinatawanya maji na kupunguza mbio, na kukitoa kulikuwa sawa na kutoa mlango nyumbani kwa kuwa unapiga kelele.

Mtu anaweza kuuliza: hewa ni hewa, si inatoka tu robineni? Hapana, haitoki yote. Tiyo yetu inashuka bondeni, inapanda kile kilima cha mihogo, inashuka tena. Hewa inapenda juu. Ikifika pale kilimani inagoma, kama mbuzi anayekataa daraja. Mfuko wa hewa unakua, njia ya maji inakuwa nyembamba, na siku nyingine inafungika kabisa. Ndiyo maana kuna siku tanki lilikuwa nusu na chini hakuna tone. Siku ile, mnakumbuka, watu wa kule waliichimbua tiyo wakaikata kwa panga ili itoe hewa. Ilitoa hewa. Halafu waliifunga kwa mpira wa baiskeli, na tiyo ikishaisha maji huwa inavuta ndani badala ya kusukuma nje, kwa hiyo ule ufa ulinyonya tope la shamba. Sisi tunaishi sehemu ambayo kipindupindu si mgeni. Kati ya mambo yote ya leo, tiyo iliyokatwa shambani ndiyo inayotuogopesha kuliko mita.

Kidogo juu ya maji meupe. Baadhi ya mama wamekataa kuyanywa wakisema tumezidisha dawa. Chukueni glasi, mimineni, ngojeni. Weupe ukianza kuondoka chini ukipanda juu, hiyo ni hewa, punje ndogo ndogo zinazopanda. Haidhuru tumbo. Dawa ya maji utaijua kwa harufu, haifanyi maji kuwa maziwa. Lakini mkiona maji meupe kila asubuhi, mtu apande mlimani, maana tanki linawaambia kitu.

Tumefanya nini? Jambo la kwanza halikugharimu kitu isipokuwa kopo la rangi nyekundu. Tulichora mstari ndani ya tanki, sentimeta 30 juu ya mdomo wa tiyo. Maji yakifika mstari, mlinzi anafunga vane. Hapo watu walikasirika. Mzee mmoja akatuambia: "Munatuachia maji inalala bure ndani ya tanki na sisi tuna kiu?" Mzee alikuwa na haki. Tanki letu lina upana wa meta 3. Sentimeta 30 za maji mle ndani ni zaidi ya meta 2 za ujazo, bidoni 100 na zaidi. Kumwambia mtu mwenye kiu kwamba bidoni 100 ziko pale ila haziguswi, ni maneno magumu.

Kwa hiyo tulienda jambo la pili, kuupanua mdomo. Fundi alifunga kiwiko kwenye tiyo, kimeangalia chini, na mwishoni mdomo mpana wa sentimeta 10. Maji ni yaleyale, lita 3, lakini mlango ukiwa mpana yanaingia kwa kutembea, hayakimbii. Mbio inashuka karibu mara nne. Kwa hesabu ileile kimo kinachotakiwa kinakuwa kama sentimeta 20. Mstari mwekundu umeshuka sentimeta 10, na hizo ni bidoni 35 zilizorudi kwa watu kila asubuhi ya kiangazi. Yule mzee alihesabu mwenyewe.

La tatu ni bati. Kijana, weka kile kifuniko kwenye bidoni, juu ya mawe matatu, kifunike tundu bila kuliziba. Jaza. Achia. Tazameni sasa: maji yanashuka, yanashuka, shimo haliji. Limekuja mwisho kabisa, yamebaki ya kulamba. Bati bapa likikaa juu ya mdomo, maji hayawezi kushuka wima kutoka juu. Yanalazimika kuja kwa pembeni, na kizingia hakina mahali pa kusimama. Tuliweka pia vipande viwili vya chuma vilivyokatana kama msalaba chini ya bati, kuvunja mzunguko. Kazi ya fundi wa kuchomelea, nusu siku. Chuma kipakwe rangi inayofaa maji ya kunywa. Cha kwanza tulikipaka ile ya milango, tukakirudisha wenyewe kabla hakijaingia. Na tiyo ya kuingizia tumeielekeza mbali na ya kutokea, inamimina chini ya maji, haipigi tena uso na kuingiza mapovu.

Mnaweza pia kupunguza mbio kwa kufunga vane kidogo, au kufungua vituo kwa zamu: vya juu kwanza, vya chini baada ya saa moja. Kituo kimoja kimejaribu wiki mbili, kikaacha. Watu hawapendi zamu ya maji, na hatuwalaumu. Kambini tulipanga foleni miaka mingi.

Sasa kuosha tanki, kama mlivyotuomba. Hapa tunataka liishe maji kabisa, na ndipo makosa yanapotokea. Mpaka mwaka jana tulikuwa tunamaliza maji kwa kufungua robine zote kijijini. Ni vibaya. Maji ya mwisho yana tope, na nyuma ya tope inakuja hewa, vyote vinaingia kwenye tiyo za watu. Tangu sasa iwe hivi: maji yakifika mstari mwekundu, funga vane ya kwenda kijijini. Halafu fungua ile ya kumwagia iliyo chini kabisa ya tanki. Kizingia kikitokea pale, kitokee, kinakwenda shimoni. Na hakikisheni tundu la hewa juu ya tanki halijazibwa na kiota. Maji yakitoka, kitu lazima kiingie mahali pake. Matangi ya plastiki yasiyopumua tumeyaona yakibonyea mbavu.

Vilevile kuna kale katiyo kembamba kaliosimama wima baada ya vane ya tanki, ambako wengine wanakaona hakana kazi na mtu mmoja alikaziba kwa kitambaa. Msikaguse. Vane ikifungwa na robine ziko wazi chini, tiyo inataka kuvuta pumzi. Ikipata hewa safi pale juu, haitavuta tope kupitia ufa shambani. Hewa ile inaingia wakati maji yamefungwa, na tunajua tutakavyoitoa.

Tunaitoa hivi. Baada ya kuosha, acheni tanki lijae kupita mstari kwanza. Msiwe na haraka, hata watu wakipiga kelele. Kisha vane ifunguliwe polepole, robo kwa robo, maana maji yanayokimbilia hewa kwenye tiyo yanapiga kama nyundo na kupasua viungio. Robine zote ziwe wazi. Ya chini kabisa itapata maji kwanza: itatema, itakohoa, itanyooka. Ikinyooka, funga, nenda ya juu yake. Kwenye kilima cha mihogo tumeweka kirobine kidogo ndani ya kisanduku chenye kufuli, cha kutoa hewa. Ufunguo uko kwa mama wa nyumba ya karibu. Panga hazihitajiki tena.

Ninyi wafadhili, mmekuwa wema kwetu, na neno letu si la kulalamika. Ripoti tunazowatumia zinahesabu robine. Robine zinaonekana kwenye picha. Kiwiko na bati ndani ya tanki havionekani, kwa hiyo hakuna anayeviomba, na sisi tumo katika hao. Kila tunapowaandikia tunataka kuongeza vituo, tuulizeni: na mdomo wa tanki je? Kama hatuna jibu, rudisheni karatasi yetu.

Kuhusu yule mama, komite imekaa, imerudisha kazi yake na imefuta deni. Yeye alikubali kwa sharti moja, kwamba daftari lake lisomwe mbele ya kituo kizima, mstari kwa mstari. Lilisomwa. Ilichukua saa mbili, hata majina ya waliopewa bure yalisomwa, na wawili walilipa palepale. Karatasi yetu ya mita yenye sahihi zetu tumeichana, tumeandika nyingine.

Jumamosi tunapanda kwenye tanki la pili, lile la upande wa shule. Lenyewe bado linakoroma. Fundi atakuja na bati na kiwiko. Tunahitaji vijana wanne, ngazi, na msumeno wa chuma, maana wetu umekatika. Vane itafungwa saa mbili asubuhi, kwa hiyo wa upande ule mchote maji Ijumaa jioni.